Injini Inayozaa Oili

Jumanne, 4 Machi

Boti imechemka katikati ya mto. Abiria nao walichemka, lakini nasema injini yenyewe: imetokota hadi mvuke ukapenya kwenye mbao za sakafu, na mama mmoja mwenye kuku akadhani ni moto. Aliwainua kuku kwanza, mtoto baadaye. Shemeji yangu, ambaye ndiye fundi wa boti, akazima. Tukakaa tunasukumwa na maji tukingoja chuma kipoe, na tulipofika ng'ambo asubuhi ilikuwa imeshakwisha.

Mdogo wangu alikuwemo. Yeye ndiye mke wa huyo fundi, na kila Jumanne na Ijumaa anavuka kwenda hospitali ya ng'ambo kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zimeacha kazi bila kutoa taarifa. Leo tumekuta nafasi yake ameshapewa mgonjwa mwingine. Muuguzi alisema pole kwa upole sana. Upole hausafishi damu.

Daraja la kule mto unakotokea limefungwa tangu mvua zianze. Njia ni boti hii tu, na boti ni injini hii tu. Mimi ndiye mkata tiketi. Kwenye kiti changu naona kila kitu, ila sina wa kumsimulia ambaye hatakwenda kuyamwaga yote gatini, kwa hiyo naandika.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kashinda ameinama kwenye injini. Kwa kawaida anaongea sana na vyuma na kidogo na watu, na hilo nilimwambia mdogo wangu kabla hajaolewa, akaniambia nina wivu. Leo kaongea na watu. Katoa kidude cha shaba, kama kizibo chenye springi, kinachokaa kwenye njia ya maji yanayopooza injini. Anakiita themostati.

"Kazi yake nini?" nikamuuliza.

"Kuzuia maji."

"Sasa mtu anaweka vipi kitu cha kuzuia maji kwenye injini inayochemka?"

"Ndiyo hapo sasa, shemeji! Hizi zinatengenezwa na watu wa kwenye baridi. Sisi kitatusaidia nini? Kimejaa tope, kikagoma kufunguka, injini ikakosa maji." Akakiinua ili Nahodha na vibarua wakione. "Huyu ndiye aliyetaka kuniulia mke."

Akakitupa mtoni. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Ijumaa, 7 Machi

Mshale wa joto umelala chini kabisa, kwenye baridi, na haukuinuka tangu tunafungua kamba mpaka tunafunga tena. Nahodha anawaonyesha abiria kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Barafu! Hii si injini tena, ni friji."

Mdogo wangu kawahi mashine. Miguu iliyokuwa imevimba imeanza kurudi kuwa miguu. Shemeji kasimama mlangoni mwa wodi hadi wakamfukuza, kisha kasimama dirishani.

Jumapili, 9 Machi

Mvua.

Jumanne, 11 Machi

Moshi mweupe unatoka nyuma ya boti na unachoma macho. Zamani ulikuwa unatoka injini inapowashwa tu, kisha unakata. Siku hizi tunafika nao mpaka ng'ambo. Nahodha anasema ni mvuke wa mvua. Mvua haikuwa inanyesha, lakini sikuona sababu ya kumwaibisha mbele ya watu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Tajiri, mwenye boti, kaja kukagua mali yake. Shemeji alikuwa kachomoa kijiti cha kupimia oili, na oili ilikuwa imepanda juu ya alama. Hakuna aliyeongeza hata tone. Tajiri alipoambiwa alicheka hadi akashika nguzo.

"Injini za wenzangu zinakunywa oili, ya kwangu inazaa! Fundi, wewe una mkono."

Nahodha akaibatiza papo hapo, akaiita Mzazi. Kila anayepanda anaambiwa habari za Mzazi, na wapo walioomba kuuona muujiza huo. Wakaonyeshwa kijiti, wakatikisa vichwa.

Shemeji alicheka kwa sababu tajiri alikuwa anacheka. Baadaye nikamwona anakinusa kijiti. Akakipangusa, akakichovya, akakinusa tena.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, shemeji."

Nimekata tiketi miaka ya kutosha kujua kwamba mtu hanusi hakuna kitu mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Injini iligoma kuwaka hadi ikabembelezwa. Mto umemeza ngazi nyingine ya gati.

Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu akiwa kwenye mashine, nilimwona shemeji anatoka na kichupa mfukoni. Nikamfuata. Yeyote atakayeuliza, nilikuwa natafuta choo.

Nyuma ya wodi kuna banda la jenereta, na ndani yake fundi wa jenereta, bwana mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Shemeji akampa kichupa. Bwana akachovya vidole, akasugua, akanusa.

"Hii ni oili au dizeli?"

"Oili. Ya boti."

"Themostati ipo?"

Shemeji akaangalia viatu vyake. "Niliitoa."

Yule bwana hakucheka. Ningependa zaidi angecheka.

"Injini inataka joto, kaka. Sisemi ichemke, nasema joto la kufanyia kazi. Ukiachia maji ya mto yapite moja kwa moja, chuma kinabaki baridi, dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua inateremka pembeni ya pistoni mpaka kwenye oili. Ndiyo hiyo mnaiona inaongezeka."

"Wao wanasema inazaa."

"Haizai, inajikojolea. Na oili yenye dizeli haitelezi tena. Siku itakapokuwa nyepesi kabisa, vyuma vitasagana, na siku hiyo hutakuwa nchi kavu." Akamrudishia kichupa. "Themostati ni bawabu. Anafunga mlango mpaka injini ipate moto. Ikipata, anafungua. Ikipoa, anarudisha. Wewe bawabu wako alilala siku moja, ukamfukuza na mlango ukaung'oa."

"Nitapata wapi nyingine?"

"Ya injini yenu huku haipo. Agiza. Na barabara ndiyo hiyo unayoijua."

Wakati wa kurudi shemeji alikuwa anakigeuzageuza kile kichupa mfukoni. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, mume wangu ana nini?" Nikasema amechoka. Mshale ulikuwa chini kabisa, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kuuona pale.

Jumatano, 19 Machi

Nimembana shemeji kwenye stoo ya kamba. Nikamwambia amweleze Tajiri.

"Akijua nimeiharibu injini mwenyewe atanifukuza. Akinifukuza atamleta nani? Yule fundi wa pikipiki? Mke wangu atavuka na nani, shemeji?"

Nilikuwa na matusi yangu niliyomwekea tangu siku ya harusi. Nikayapekua yote, sikuona hata moja linalomfaa.

Ijumaa, 21 Machi

Amejaribu. Alimwambia Tajiri kwamba oili imechanganyika na dizeli, imwagwe yote, na themostati iagizwe.

"Nimwage oili niliyopewa bure?"

"Si ya bure, bosi. Ni dizeli yako hiyohiyo."

"Mshale uko wapi?"

"Chini."

"Basi injini nzima. Fundi, usitafute ugonjwa kwa mtu mwenye afya."

Jioni shemeji kaagiza themostati mwenyewe kwa dereva wa lori. Leo pia kaleta galoni ya oili mpya, kaisukuma chini ya kiti changu cha tiketi. "Huku kwako hakuna anayepekua," akasema. Kweli. Wananiogopa.

Usiku mdogo wangu akamtoa siri yote, kama anavyomtoa kila kitu, kwa kunyamaza tu na kumwangalia. Akasema, "Si ungeniuliza mimi? Unadhani kule damu yangu wanairudisha baridi? Mashine inaipasha kwanza. Siku kipasha joto kilipoharibika nilitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele." Shemeji akajifunika uso kwa taulo, akidai anajifuta jasho.

Jumanne, 25 Machi

Nisipoandika sasa nitaanza kuyapamba.

Tuliondoka boti imejaa. Mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa na umebeba miti. Tulipofika kwenye mkondo, pale maji yanapovuta kuelekea nguzo za gati la zamani, taa nyekundu ya oili ikawaka mbele ya Nahodha. Kisha tukasikia injini inagonga, ko ko ko, kama mtu aliyefungiwa ndani.

Shemeji akatoka mbio. "Zima!"

"Nizime hapa?" Nahodha akapiga kelele. "Unaziona nguzo zile? Mshale uko chini! Injini iko baridi, ina shida gani?"

"Hiyo baridi ndiyo shida! Zima, vyuma vinasagana!"

"Mimi ndiye nahodha!"

"Na mimi ndiye mwenye mke humu!"

Shemeji akainama, akakata dizeli mwenyewe. Ukimya ule sijawahi kuusikia mtoni. Kisha watu wote wakaanza kulia kwa pamoja.

Vibarua wakatupa nanga. Ikaburuta. Nguzo zilikuwa zinakuja, au sisi ndio tulikuwa tunaziendea, na kuna bwana mmoja akaniuliza kama tiketi yake inarudishwa. Nikamwambia aulize samaki. Halafu kamba ikakaza, boti ikageuka kichwa, ikatulia ikitikisika. Nguzo ya kwanza ilikuwa karibu kiasi cha kuwaona konokono wake.

Shemeji akasimama juu ya kifuniko cha injini. Sikutegemea kama angesema.

"Jamani, nisikilizeni. Injini hii haijazaa kitu. Nilitoa kifaa nikidhani nawasaidia. Kosa ni langu. Nipeni nafasi na mtulie upande mmoja."

Mtu mmoja akamtukania mama yake. Akasema, "Sawa, baadaye," akashuka chini ya sakafu.

Alivuta oili ya zamani kwa pampu ya mkono kwenye ndoo. Mimi ndiye nilikuwa nazipokea ndoo. Nimepika miaka mingi, najua mafuta yanavyomiminika. Ile ilikuwa inamwagika kama maji ya kunawa, na harufu yake ni ya kituo cha mafuta. Nikamtolea galoni chini ya kiti changu. Nahodha aliiona, akaniona, akafumba mdomo.

Mdogo wangu alikuwa kakaa palepale, mkoba wa hospitali mapajani. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Tutawahi?"

Injini ikawaka. Kugonga kukapungua, hakukwisha. Shemeji akashika koki ya maji, ile ya bomba linaloingiza maji ya mto, akaifunga nusu. Mshale, uliokuwa umelala wiki zote hizi, ukainuka.

"Unapanda!" Nahodha akalia. "Fungua! Unapanda!"

"Uache upande!"

"Umefika kati!"

"Haya." Akafungua kidogo. "Sasa?"

"Umesimama... Unashuka."

Akafunga kidogo. Tukavuka hivyo, Nahodha akiimba mshale na shemeji akijibu kwa mkono, mpaka ng'ambo. Moshi mweupe ulikata njiani, na kelele ya injini ikawa nzito, ya kushiba. Hata mimi nisiyejua kitu niliisikia tofauti.

Nafasi ya mdogo wangu ilikuwa bado ipo.

Jumatano, 26 Machi

Tajiri kasikia. Alikuja na maneno ya kumfukuza shemeji yameshaiva mdomoni. Nahodha, ambaye mimi nilimwona puto la hewa tupu siku zote, akavua kofia akasema, "Bosi, ukimtoa huyu, mkono wa kwenye koki utaweka wewe." Tajiri akaangalia mto, akasema tutaongea mvua zikiisha.

Ijumaa, 28 Machi

Bendera nyekundu gatini. Mto umejaa, boti zote zimezuiwa. Mdogo wangu kavaa nguo za safari, kakaa mlangoni nazo mchana kutwa.

Jumapili, 30 Machi

Uso wa mdogo wangu umevimba. Analala ameegemea ukuta, akilala chali anakosa pumzi. Shemeji halali kabisa. Hakuna anayetaja mto.

Jumanne, 1 Aprili

Bendera ilitolewa asubuhi. Tukampeleka botini tumemshika huku na huku. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, na alikuwa hajapanda hata ngazi.

Shemeji akaingia chini ya sakafu, kwenye koki. Tulipokaribia mkondo mdogo wangu akaanza kuteleza kwenye benchi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimshika, lakini kila nikimwinua alikuwa anadondokea mbele.

"Mwite," akasema. Basi. Pumzi haikutosha kwa neno la pili.

Nikaita. Shemeji akachungulia, akamwona mkewe, na nikaona uso wake unagawanyika. Huku koki, huku mke. Nahodha juu anaimba, "Unapanda, unapanda, fundi!"

"Toka," nikamwambia. "Nipe hiyo."

"Shemeji, huwezi kujua..."

"Nitamsikiliza Nahodha. Toka, nenda kwa mkeo!"

Akatoka, nikaingia. Ukikaa pale mgongo unawageukia watu wote. Mbele yangu kulikuwa na bomba, mkono wa koki na injini inayonguruma usoni. Nyuma yangu nilikuwa namsikia mdogo wangu anavuta hewa, na shemeji anamwambia, "Nikumbatie shingo, mama, kaa wima, hivyo hivyo."

"Unapanda!"

Nikafungua. Nikazidisha.

"Unaporomoka! Dada wa tiketi, usimwage!"

Nikafunga. Nikazidisha tena. Chuma kikaanza kunukia. "Unaenda kwenye nyekundu!" Nikafungua kiasi cha unene wa kucha. "Hapo. Hapo! Usiguse." Sikugusa. Dakika haijapita, tukaingia kwenye maji ya kasi, injini ikaelemewa, ikapandisha joto. Tukaanza upya.

Kulikuwa na wakati nyuma yangu kulinyamaza. Sikusikia pumzi. Nikataka kugeuka.

"Usitazame huku!" shemeji akanipigia kelele. "Anapumua! Nimemshika mimi! Wewe shika hiyo!"

Nikashika. Mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi kwenye bega. Na pale, nikiwa sijui kama nina mdogo au sina, ndipo nilipokielewa kile kidude. Kilikuwa kinafanya kazi hii siku zote, kimefichwa gizani, hakichoki, hakigeuki kuangalia ndugu yake, hakisubiri Nahodha aimbe. Kikifungua kinafungua kadiri, kikifunga kinafunga kadiri. Siku moja tope lilikiziba, tukakizamisha kwa makofi.

Gatini walikuwa wanangoja na kitanda cha magurudumu. Shemeji alimbeba hadi kitandani, hakumwachia hata walipomwambia amwachie. Mimi walinitoa chini ya sakafu kwa kunivuta, kwa sababu vidole viligoma kufunguka.

Wamemuunganisha. Jioni aliomba maji, wakamnyima. Akawakasirikia. Basi yuko hai.

Alhamisi, 3 Aprili

Themostati imefika na lori. Shemeji kaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwangu, tukaiinamia sote. Maji ya baridi, imefunga. Maji yakapata moto, kikofia chake kikajisukuma chenyewe taratibu, mlango ukafunguka. Akaitoa, ikapoa, ikafunga. Akarudia hadi gesi yangu ikaisha, na sikumwambia kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Themostati imefungwa mahali pake. Oili mpya, na kichungio kipya cha kuzuia tope, kwa mfuko wa Tajiri, ambaye kalipa kwa kununa.

Tuliondoka. Mdogo wangu alikuwa benchi la katikati, uso umeshapungua. Shemeji kachuchumaa chini ya sakafu, mkono juu ya koki iliyo wazi kabisa, hajaigusa.

"Unapanda," Nahodha akasema. Abiria waliokuwemo siku ya nanga wakasimama. Mama wa kuku akakumbatia kuku wake.

"Unapanda bado."

Nilimwona shemeji vidole vinajikunja. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Mimi mwenyewe bega lilianza kuuma.

"Umefika kati, fundi."

Moshi wa nyuma ukakatika. Boti ikaingia mkondoni, injini ikanguruma, na mimi nikahesabu mbao za sakafu ili nisimwangalie Nahodha.

"Mbona kimya?" mtu akauliza.

"Umesimama," Nahodha akasema, kama mtu asiyeamini anachokisoma. "Palepale kati. Haupandi, haushuki."

Shemeji akangoja. Akangoja tena. Kisha akatoa mkono kwenye koki, akaupangusa kwenye suruali, akapanda juu. Hakwenda nyuma kwenye zana zake. Alikuja akakaa benchi la katikati, ubavuni kwa mkewe, miguu pamoja, mikono mapajani, kama abiria mwingine yeyote. Sijawahi kumwona amekaa hivyo tangu nimfahamu.

Nikamfuata, nikasimama mbele yake.

"Tiketi yako, shemeji?"

Akaanza kujipapasa mifukoni kwa dhati kabisa. Mdogo wangu akacheka, na pumzi ikamtosha mpaka mwisho wa kicheko.